Maswali ya Wasomaji: Taa Kuukuu Katika Somo la Fizikia

Katika toleo lililopita tuliandika kwa ufupi juu ya watu wanaokusanya taa za zamani kwa kujifurahisha, na tukadokeza kwamba mkusanyiko wa namna hiyo ungeweza kufundishia fizikia shuleni. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua tano, na tumeipa ya kwanza nafasi kubwa kwa sababu swali lake ndilo linalobeba mengine.

Ndugu mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari wilayani Sengerema. Tangu nilipokuwa chuoni nimekuwa nikikusanya taa: vibatari vya kopo, chemli, karabai nilizopewa na wavuvi wa dagaa walipohamia taa za sola, tochi, dainamo za baiskeli, pamoja na balbu za kila aina, nzima na zilizoungua. Muhula uliopita nilizipanga zote mezani kwa kufuata umri wake, nikaeleza historia ya kila moja. Wanafunzi walifurahi mno, lakini wiki iliyofuata walizikumbuka taa, wala si fizikia. Nizitumieje ili somo libaki? — *Mwalimu, Sengerema*

Mwalimu, ulichowaandalia wanafunzi wako ni makumbusho. Makumbusho ni jambo jema, ila somo la fizikia linataka mpango mwingine. Kifaa kimoja kikiwekwa mezani peke yake humwambia mwanafunzi jina lake na kazi yake, basi. Vifaa viwili vinavyofanana kwa kila jambo isipokuwa moja humlazimisha aulize sababu. Kwa hiyo acha kuzipanga taa kwa umri. Zipange kwa jozi, kila jozi iwe na swali moja, na kila mwanafunzi aandike utabiri wake daftarini kabla kiberiti hakijawashwa. Utabiri usipoandikwa, darasa zima litadai baadaye kwamba lilijua.

Anza na mshumaa na kibatari, na uulize: ni kitu gani hasa kinachoungua? Wengi watajibu kwamba ni utambi. Washa mshumaa, uache dakika chache, kisha uuzime kwa kuupuliza taratibu. Moshi mweupe utapanda kutoka kwenye utambi. Upelekee njiti inayowaka kupitia juu, kwenye huo moshi, bila kuugusa utambi. Mwali utashuka kwa kufuata moshi na kuuwasha mshumaa upya. Ule moshi ni nta iliyogeuka mvuke ikaanza kuganda tena hewani, na kinachoungua ni mvuke, si nta iliyo imara wala iliyoyeyuka. Kwenye kibatari ni hivyo hivyo: mafuta ya taa hupanda katika vinafasi vyembamba vya utambi kwa sababu yanavutwa na nyuzi zake, yakifika juu hupata joto, huwa mvuke, ndipo huungua. Hapo umegusa hali za maata, mvukizo na upandaji wa kimiminika katika vijia vyembamba, na wanafunzi hawajaandika ufafanuzi hata mmoja.

Swali la pili katika jozi hiyo hiyo ni kwa nini mwali huwa na rangi ya njano. Shika kijiko cha chuma kwa koleo, ukipitishe mara moja ndani ya sehemu inayong'aa. Kitatoka na masizi. Masizi hayo ni chembe za kaboni ambazo hazijaungua bado, na kwa kuwa zimepata joto kali, ndizo zinazotoa mwanga wa njano. Kuna jaribio jingine zuri zaidi ambalo walimu wengi hawalijui: weka mshumaa unaowaka kwenye jua kali, nyuma yake uweke karatasi nyeupe, kisha tazama kivuli cha mwali. Sehemu ya mwali inayong'aa kuliko zote ndiyo yenye kivuli cheusi kuliko zote, kwa sababu ndipo chembe imara za kaboni zilipojaa na kuuzuia mwanga wa jua. Michael Faraday aliwaonyesha watoto jaribio hili mjini London katika mihadhara yake ya Krismasi juu ya mshumaa, aliyoitoa mara ya mwisho mwaka 1860 na 1861. Tunamtaja kwa kuwa yeye, aliyeweza kutumia mitambo bora ya zama zake, alichagua kitu ambacho kila mtoto pale alikuwa nacho nyumbani.

Jozi ya pili iwe chemli yenye kioo na chemli isiyo na kioo. Utambi uwe mmoja na urefu wa utambi uliojitokeza uwe sawa. Ile isiyo na kioo itatoa mwali mwekundu unaoyumba na moshi mwingi. Ile yenye kioo itatoa mwali mweupe zaidi uliotulia. Mwanafunzi atasema kwamba kioo huzuia upepo, na amesema kweli nusu. Fungeni madirisha yote, mrudie, na tofauti itakuwepo bado. Hewa iliyo ndani ya kioo hupata joto, hutanuka, huwa nyepesi, hupanda, na nafasi yake huchukuliwa na hewa mpya inayoingia kwa chini, kwa hiyo mwali hupata oksijeni kwa wingi na kwa mpangilio. Aimé Argand, mzaliwa wa Geneva, aliichukulia hataza (yaani hati ya haki ya uvumbuzi) mwaka 1784 nchini Uingereza taa yenye utambi wa duara na bomba la kioo, na tangu hapo taa za mafuta hazikurudi nyuma. Ili njia ya hewa ionekane, washa kijiti cha udi na ukizungushe polepole kuizunguka chemli: kuna mahali moshi utasukumwa mbali na mahali utakaponyonywa ndani. Katika chemli nyingi wanafunzi watashangaa kuona moshi unanyonywa karibu na kofia ya juu, kisha unashuka kwenye yale mabomba mawili ya ubavuni, ambayo wengi hudhani ni mpini wa kubebea tu. Waache wachore njia hiyo kwa mishale. Mchoro huo mmoja utakuonyesha nani ameelewa jinsi joto linavyosafiri kwa mwendo wa hewa na nani amekariri.

Karabai na chemli ni jozi ya tatu, na hapa swali ni zito: mafuta ni yale yale, mbona karabai inang'aa mara nyingi zaidi? Usiiwashe karabai darasani. Ifungue ikiwa baridi na wafuate njia ya mafuta kwa kidole. Pampu huijaza tangi hewa, kanieneo ya hewa husukuma mafuta kwenye bomba, bomba lililopashwa joto huyageuza kuwa mvuke, na mvuke hutoka kwa kasi kwenye tundu dogo huku ukivuta hewa njiani. Mchanganyiko huo huungua kwa mwali wa buluu wenye joto kali lakini mwanga hafifu. Mwanga wenyewe hutoka kwenye kile kijifuko cha nyuzi kinachoning'inia. Carl Auer von Welsbach wa Austria ndiye aliyeanza kuvichukulia hataza vijifuko hivyo, mwaka 1885. Baadaye aliviboresha kwa kutumia oksidi ya metali iitwayo thoriamu yenye seriamu, metali nyingine, kidogo sana, karibu sehemu moja katika mia. Kwa hiyo katika chemli kinachong'aa ni masizi, na katika karabai ni oksidi ya metali. Na kwa kuwa uko kando ya Ziwa Victoria, wanafunzi wako watakuwa na la kuongeza: wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, maana taa yao haiwezi kushindana na mwanga uliotapakaa ziwa zima.

Kwa umeme tungekushauri uanze na balbu ya kawaida yenye waya wa tangsteni, iliyoandikwa wati 60 na volti 230. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kukokotoa: mkondo ni 60 gawanya kwa 230, yaani ampea 0.26 hivi, na ukinzani ni 230 gawanya kwa 0.26, yaani karibu omu 880. Sasa wape multimita wapime balbu hiyo ikiwa mkononi, nje ya soketi. Watapata takriban omu 60 au 70. Watasema multimita ni mbovu. Waache waseme, wabadilishe multimita, wabadilishe balbu, mpaka mmoja wao auulize mwenyewe: balbu tuliyopima ilikuwa baridi, na je, ile tuliyoikokotoa? Waya wa tangsteni unapowaka hufikia nyuzi joto 2,500 za Selsiasi hivi, na ukinzani wa metali huongezeka joto linapoongezeka. Kutokana na hesabu hiyo hiyo wataelewa kwa nini balbu nyingi huungua pale tu swichi inapobonyezwa: kwa nukta ndogo sana ya wakati, waya uliokuwa baridi hupitisha mkondo wa zaidi ya mara kumi ya kawaida yake. Ukiuliza swali hili moja tu kwa mwaka mzima, mkusanyiko wako utakuwa umelipa gharama yake.

Dainamo ya baiskeli, ambayo kwa kawaida huandikwa volti 6 na wati 3, isiishie kuonyeshwa kwamba inawasha taa. Hilo kila mtoto anayeendesha baiskeli analijua. Ifunge mezani, zungushia uzi kwenye kichwa chake, ning'iniza jiwe la kilo moja, kisha uliachie lishuke. Fanya hivyo nyaya zikiwa hazijaunganishwa na kitu, halafu zikiwa zimeunganishwa na balbu, halafu zikiwa zimegusanishwa zenyewe kwa zenyewe, huku wanafunzi wakipima muda wa kushuka. Sumaku inayozunguka ndani ya msokoto wa waya huzalisha umeme, kama Faraday huyo huyo alivyogundua mwaka 1831, lakini mkondo ukishapita huzaa usumaku unaoupinga mzunguko ule ule uliouzaa. Jiwe la kilo moja likishuka mita moja lina jouli 10 hivi za kutoa. Balbu ya wati 3, hata pasipo kupotea chochote, isingewaka zaidi ya sekunde 3 na kidogo. Wakishaliona hilo, hawatamwamini tena mtu anayewauzia mtambo wa umeme usiotumia chochote, na matangazo ya aina hiyo ni mengi siku hizi kwenye simu zao.

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Babu yangu ana taa nyingi za zamani, nami nataka kuzilinganisha mwanga kwa ajili ya mradi wa sayansi, lakini shule yetu haina kifaa cha kupimia mwanga, na programu ya simu inatoa namba zinazorukaruka. Je, inawezekana kupima bila kifaa? — *Mwanafunzi, Kigoma*

Marahaba, mwanangu. Kifaa unacho jikoni. Chukua karatasi nyeupe, itone tone moja la mafuta ya kupikia katikati, ufute yaliyozidi. Doa hilo hupitisha mwanga zaidi kuliko karatasi inayolizunguka. Ukishika karatasi huku taa ikiwa nyuma yake, doa litaonekana jeupe. Taa ikiwa mbele yake, litaonekana jeusi. Basi weka taa mbili, moja kila upande wa karatasi, kisha usogeze karatasi polepole baina yake mpaka doa lipotee au likaribie kupotea. Hapo mwanga unaofika kutoka pande zote mbili ni sawa. Njia hii ni ya Robert Bunsen, mwanakemia wa Ujerumani wa karne ya 19, na maabara za miji mikubwa ziliitumia kwa miaka mingi kukagua mwanga wa taa za gesi.

Kilichobaki ni rula na hesabu. Mwanga unaotoka kwenye chanzo kidogo hutawanyika kila upande, kwa hiyo umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika hupungua mara nne. Umbali ukiongezeka mara tatu, hupungua mara tisa. Tuseme doa limepotea mshumaa ukiwa sentimita 20 kutoka kwenye karatasi, na taa ya babu ikiwa sentimita 60. Umbali wa taa ni mara 3 ya ule wa mshumaa, na 3 mara 3 ni 9. Taa hiyo basi ina nguvu ya mishumaa tisa. Kizio cha kisayansi cha nguvu ya mwanga, yaani kandela, kilitokana na mishumaa ya kupimia ya zamani, hata leo mshumaa wa kawaida hutoa takriban kandela moja. Ukiandika matokeo yako kwa mishumaa, unakaribia kabisa kuandika kwa kandela.

Usikubali kanuni hiyo kwa kuwa tumeiandika sisi. Ijaribu: weka mshumaa mmoja upande mmoja, na upande wa pili mishumaa minne ya aina ile ile iliyosimamishwa pamoja kwa karibu. Ikiwa kanuni ni ya kweli, doa litapotea pale ambapo ile minne iko mbali mara mbili ya ule mmoja. Fanya jaribio hili kabla ya mengine yote, na matokeo yake yawe ukurasa wa kwanza wa mradi wako, maana msimamizi atakayesoma ataona kwamba ulikikagua kifaa chako kabla ya kukiamini. Chumba kiwe na giza, na kuta nyeupe zifunikwe kwa kitambaa cheusi. Ukuta unaorudisha mwanga utaharibu kila kipimo. Tochi yenye kikombe king'aavu nyuma ya balbu usiitumie kabisa katika jaribio hili, kwa sababu kikombe hicho huukusanya mwanga uelekee upande mmoja, na kanuni ya umbali huvunjika.

Kama unataka mradi wako upande ngazi moja zaidi, pima pia nishati. Weka kibatari kinachowaka juu ya mizani ya dijitali ya jikoni, kwenye kigae kisichopitisha joto, kisha soma uzito mwanzoni na baada ya saa moja. Gramu moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa kilojouli 43 hivi. Kibatari kikipungua gramu 8 kwa saa, kimetoa kilojouli 344. Ukigawanya kwa sekunde 3,600 unapata wati 95 na ushei. Sasa linganisha na balbu ndogo ya LED ya wati moja kwa kutumia karatasi yako yenye doa. Hatutakuambia utapata nini, ila andaa rula ndefu.

Kwa mhariri, mimi ni mzazi na mjumbe wa bodi ya shule. Makala yenu ilinifurahisha, lakini nikafikiria mafuta ya taa, vioo na umeme mikononi mwa watoto arobaini. Mnashauri nini juu ya usalama? — *Mama wa watatu, Mombasa*

Mama, hofu yako ina haki, na mwalimu asiyekuwa na jibu kwayo asiwashe kitu. Kanuni kubwa ni taa moja kuwaka kwa wakati mmoja, mwalimu akiwa ndiye mwashaji, madirisha yakiwa wazi na ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Mchanga, si maji. Mafuta huelea juu ya maji na moto husafiri nayo. Jaribio la mwanafunzi wa Kigoma hapo juu ndilo pekee linalotaka taa mbili, na kwa darasa kubwa mshumaa na balbu ya betri vinatosha. Taa haijazwi mafuta ikiwa inawaka au ikiwa bado ya moto. Mafuta yenyewe yatoke mahali panapoaminika, kwa maana mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli yameunguza watu wengi katika nchi zetu, na kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Karabai ibaki baridi, kama tulivyomweleza mwalimu wa Sengerema. Vijifuko vya zamani vina thoriamu, ambayo ni nururifu. Unururifu wake ni mdogo, na hatari iko zaidi katika kuvuta pumzi au kumeza majivu yake, kwa hiyo kijifuko kilichokwisha kuungua kitolewe kabla taa haijaingia darasani, kwa mkono wenye glavu, na kifungwe ndani ya mfuko. Siku hizi viko visivyo na thoriamu. Zile balbu za mirija iliyojipinda, zilizokuwa maarufu kabla ya LED, zina zebaki ya miligramu chache. Ikivunjika, watoto watoke, madirisha yafunguliwe, na vipande viokotwe kwa karatasi ngumu na kitambaa chenye majimaji, wala si kwa ufagio, unaotawanya vumbi lake.

Umeme wa ukutani hauna nafasi katika masomo haya. Kipimo cha omu tulichoeleza hufanywa balbu ikiwa mkononi, na taa zote za LED za majaribio ziendeshwe kwa betri. Zaidi ya hapo hatuoni sababu ya kuwanyima watoto.

Mhariri, nimekusanya chemli na fanusi kwa zaidi ya miaka thelathini. Shule ya jirani imeniomba niwaazime. Naogopa zitavunjwa, na wengine wananiambia nizing'arishe kwanza ili zipendeze. Unanishaurije? — *Mzee mkusanyaji, Tanga*

Shikamoo mzee wangu. Usiziazime zote, na wala usizing'arishe. Zigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile ambazo ukizipoteza hutazipata tena. Hizo zikae kwako, na darasa lije kuzitazama ukiwapo, ukisimulia mwenyewe. Fungu la pili ni zile zilizopinda, zenye ufa, zilizokosa kifuniko au kioo. Hizo ndizo shule inazozihitaji, na tunasema hivyo si kwa kukufariji: chemli isiyo na kioo ndiyo iliyotupa jozi ya pili hapo juu, na karabai iliyokatwa ubavu huonyesha bomba la ndani kuliko mchoro wowote wa kitabuni. Hata balbu iliyoungua ina somo. Itazame dhidi ya mwanga. Ikiwa ilitumika muda mrefu, utaona kivuli cheusi ndani ya kioo, ambacho ni tangsteni iliyovukizwa kutoka kwenye waya ikaganda kwenye kioo, na huko ndiko unene wa waya ulikokwenda mpaka ukakatika.

Kuhusu kung'arisha, masizi yaliyoshika upande mmoja wa kofia humwonyesha mwanafunzi hewa ya moto ilipita wapi, na kutu iliyoshika chini ya tangi humwonyesha maji yaliyochanganyika na mafuta yalijikusanya wapi, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Ukisugua, umefuta ushahidi. Ondoa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Unachoweza kuongeza ni kadi ndogo kwa kila taa: ilitoka wapi, ilitumia mafuta gani, ilimulika nini, na imeharibika vipi. Sehemu ya mwisho usiiache, kwa sababu namna kitu kilivyoharibika ndiyo mara nyingi inayoeleza namna kilivyofanya kazi. Na shule iandike na kusaini orodha ya ilivyopokea; urafiki na maandishi havigombani.

Habari za kazi. Nafundisha sayansi na sina taa za zamani, ila nina balbu chache za kisasa na santuri nyingi za CD zisizochezwa tena. Je, zinafaa kitu? — *Mwalimu, Kisumu*

Zinafaa sana, Mwalimu, tena kwa mada ambayo vibatari peke yake haviifikishi mbali. Upande wa CD unaong'aa una mistari iliyosongamana kwa umbali wa mikromita 1.6 tu, na mistari hiyo huutawanya mwanga katika rangi zake. Tengeneza boksi la karatasi ngumu lenye ufa mwembamba upande mmoja wa kuingizia mwanga, kipande cha CD kilichoinamishwa ndani upande wa pili, na tundu la kuchungulia juu yake. Elekeza ufa kwenye mshumaa: rangi zitaungana kutoka nyekundu hadi urujuani bila pengo. Elekeza kwenye balbu ya mirija iliyojipinda: utaona mistari iliyotengana, wa kijani ukiwa mkali, na wa buluu ukiwa kando, ambayo hutoka kwenye zebaki, pamoja na mwekundu unaotoka kwenye unga uliopakwa ndani ya kioo. Elekeza kwenye balbu nyeupe ya LED: utaona buluu kali, kisha upungufu, kisha utepe mpana wa kijani, njano na nyekundu. Balbu hiyo kwa ndani ni ya buluu, na unga wa manjano ulioifunika hugeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa rangi nyingine, macho yakadhani ni nyeupe. Ilichukua miaka mingi kupata LED ya buluu inayong'aa vya kutosha. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

Wakati wa kujaribu, nyunyiza chembe chache za chumvi ya mezani kwenye mwali wa mshumaa huku mwanafunzi akichungulia. Mstari wa njano wa sodiamu utamulika kwa muda mfupi juu ya zile rangi zilizoungana, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 589. Boksi hilo lisielekezwe kwenye jua kamwe, wala jua lisitazamwe kwa kuakisiwa na CD. Kwa mchana, anga iliyo upande wa pili wa jua inatosha.